Sweta ya Nesi Mmbone

Walipogawana vitu vya marehemu
mmoja alichukua redio, mwingine kitanda cha chuma;
kuku waliisha siku ya matanga.
Mimi, jirani wa ukuta mmoja, mshona sare za shule,
nikapewa katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani.
Ndani, sweta ya kijivu. Juu ya sweta,
paka, amenuna.

Jina lake Daktari.

Hiyo ilikuwa Novemba.
Nikamwita kwa Kiswahili, nikamwita kwa Kimaragoli,
nikamwita kwa ule mfyonzo wa midomo
unaoeleweka na kila paka wa Lurambi.
Alipanda juu ya kabati akakaa huko
kama msafiri aliyeambiwa asubiri gari.

Paka wa nyumba haingwa, walisema wahenga.
Hawakusema lolote kuhusu paka
anayekuinga wewe,
nyumbani mwako, kwenye kiti ulichokopea pesa,
kwa jicho moja tu.

Omena nilizomkaangia alizila taa ikishazimwa.
Nilimsikia gizani akitafuna, polepole, bila shukrani.
Nikinyoosha mkono alinipa mgongo.
Nikinyoosha tena alinipa kucha:
mistari mitatu, iliyonyooka kuliko mshono wangu.
Bi Khasandi, aliyekuja kuchukua kaptura za mwanawe,
akaiona, akacheka: “Fundi, umeoa?”

Miezi minane.
Nikaacha kumwita. Chakula nilikiweka
kama mtu anavyolipa kodi.

Kisha Julai, ile alasiri ya mvua ya mawe.
Unaijua Kakamega: asubuhi jua la kuanika mahindi,
saa tisa mbingu imefunga duka.
Mabati yakapigwa hata nisisikie cherehani.
Stima ikaenda.
Baridi ikapita chini ya mlango kama mdai.
Blanketi langu lilikuwa nje kwenye kamba, linapigwa mawe.
Nikafungua katoni.

Mikono ilikuwa mifupi. Kiwiko kimoja kimeraruka
(na mimi fundi, miezi minane, sikukishona).
Ilinuka mafuta ya kifua, na dawa ya wodini,
na moshi wa kuni, na mtu.

Kabati likatikisika.

Hakuruka. Alishuka kituo kwa kituo,
sanduku, meza, gunia la vitambaa,
kama anayeteremka usiku katika mji asioujua.
Akanitazama usoni. Akaitazama sweta.
Akarudi usoni.
Kisha kichwa chake, kigumu kama ndimu,
akanigonga nacho tumboni.

Akapanda. Akanikanda kifua kama unga wa chapati.
Nikasikia mngurumo, nikadhani ni cherehani,
mpaka nikakumbuka mguu wangu
haukuwa kwenye kanyagio.

Sikujidanganya. Barua ile haikuandikiwa mimi;
mimi nilikuwa bahasha.
Lakini bahasha nayo hushikwa, jamani,
hugeuzwa, hupapaswa,
na mawe yale yalipokuwa yakinyesha
nilishikwa.

Tangu siku hiyo hana breki.
Ananifuata hadi mlango wa choo, ananisubiri, ananigombeza.
Analala juu ya sare; wazazi wanalalamika manyoya.
Anailamba ile mistari mitatu
kama si yeye aliyeichora.

Bi Khasandi asema, fundi, fua hiyo sweta, inanuka.
Sabuni nimenunua. Iko dirishani
wiki ya tatu sasa, katika karatasi yake.

Leo jua limekuwa kali. Nikaivua, nikaitupia kitini.
Daktari akaingia kutoka uani, akaisimamia,
akainusa kola, kiwiko, kola tena.
Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano.
Nikakosa tundu. Nikakosa tena.

Kitu kizito, chenye joto,
kikaketi juu ya mguu wangu wa kanyagio.

Bi Khasandi, niwie radhi:
kaptura hazitakuwa tayari leo.